Emerensiana na Watu wa Mizigo

Wifi yangu Emerensiana Mwaikenda hakuchimba dhahabu ya Mjerumani. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa kuwa kuanzia soko la Kyela mjini hadi Talatala, na hata nje ya kanisa watu wakiwa bado na vitabu vya nyimbo mikononi, limekuwa likisemwa kinyume chake. Wanasema yeye nami tulipanda mlima wa Matema tukiwa na ramani, tukafukua sanduku, tukashuka na mfuko mzito, na kwamba bati jipya la nyumba ya Ndandalo limetoka katika sanduku hilo. Bati lile alilileta mwanangu Brighton kutoka Mbeya, baada ya upepo kuondoa la zamani. Mfuko ulikuwepo kweli, na kilichokuwa ndani yake nitakieleza mahali pake. Mimi ni mjane wa Mwalimu Godwin Mwaikenda. Nimefundisha sekondari hadi kustaafu, na najua kwamba jambo likielezwa vibaya mbele ya darasa, dawa yake ni kulieleza upya, polepole, hadi wa nyuma kabisa asikie.

Emerensiana ni kitinda mimba wa baba mkwe wangu, Mzee Anyosisye, aliyemzaa akiwa tayari na mvi. Kaka yake Godwin ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kijiti, kwenye udongo wa uwanjani, kabla hajaanza shule. Alimaliza darasa la saba, akaolewa Talatala na Sospeter, mkulima wa kokoa, mtu mpole aliyekuwa akiongea na miti yake. Hawakujaliwa mtoto. Sospeter alipofariki, Emerensiana alirudi Ndandalo kwenye nyumba ya baba yake, akaendelea na yale yale: mpunga bondeni, kokoa juani, migomba nyuma ya nyumba.

Mtu akimtazama kwa mbali haoni cha kuandika. Lakini tangu utoto wifi yangu ana tabia moja. Anaweza kukaa akikitazama kitu hadi wenzake wasahau kwamba yupo. Kokoa ikivundikwa ndani ya majani ya migomba na kuanza kutoa mvuke, wengine huziba pua. Yeye husogea karibu, akautazama mvuke unavyopanda na kupotea. Ukimwuliza anaona nini, husema, "Sijui bado, wifi."

Aliyempeleka mjini ni Brighton. Alikodi fremu karibu na stendi, akaweka runinga mbili na mashine za gemu, kisha akapata kazi Mbeya. Akamwomba shangazi yake awe anashinda pale, awashe, azime, awatulize vijana wanaogombea padi. Watu walicheka sana. Mama wa makamo, kitenge kiunoni, ungo wa karanga mapajani, katikati ya kelele za mpira wa Ulaya. Yeye alibambua karanga zake na kutazama. Baada ya muda akawa anajua majina ya wachezaji wote, na nani ana goti bovu, na vijana wakawa wanampelekea ugomvi wao kama hakimu.

Kisha Brighton akaleta gemu ya vita. Si vita vya kubuni vya miaka ijayo. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, ile ambayo huku kwetu wazee waliiita tu vita vya Mjerumani. Ndani yake kuna matope, mahandaki, miti iliyokatika vichwa, na mvua isiyokoma. Nilipita siku moja kumpelekea chakula nikasimama mlangoni. Mvua ya Kyela ilikuwa ikipiga juu ya bati, mvua ya kwenye runinga ikipiga juu ya askari, na ndani ya kile chumba cha giza sikuweza kutofautisha ipi ni ipi. Emerensiana alikuwa ameacha kubambua.

Aliyekuwa akicheza ni Yakobo, dereva wa bodaboda ambaye mvua ikinyesha hana abiria. Ni mtu wa maneno mengi, na anamtania wifi yangu kama bibi yake.

"Yakobo, huyo askari wako anakula nini?" Emerensiana akamwuliza.

"Hali, shangazi. Akipigwa risasi anajibanza ukutani kidogo, anapona."

"Kujibanza kunatosha?"

"Kwake kunatosha. Wewe ukijibanza hapo kwenye ungo wako, karanga zinaisha."

"Na risasi nani kambebea?"

"Zipo tu. Ukifika kwenye hilo boksi, zinajaa."

"Boksi limefikaje hapo?"

Yakobo akamgeukia, padi mkononi, na wakati huo huo askari wake akauawa. "Shangazi, umeniua kwa maswali."

"Hata mchele hauko tu, Yakobo. Kuna mtu ameubeba kutoka bondeni."

Swali hilo ndilo lililoanzisha yote. Mtu akisema safari yetu ilianza kwa ramani, mwambie ilianza kwa boksi la risasi la kwenye runinga.

Siku nyingine ya mvua walifanya jambo ambalo Yakobo mwenyewe bado analisimulia kwa sauti ya chini. Emerensiana alimwomba amgeuze askari, auache uwanja wa vita nyuma yake, aende kule mizigo inakotoka. Yakobo alicheka, lakini alikuwa hana abiria, akamgeuza. Askari akatembea. Akapita mahandaki, akapita mizinga, akapita farasi aliyekufa, milio ya bunduki ikawa inafifia nyuma. Akafika kwenye shamba tupu lenye majani ya kijivu, na mbele ya shamba kuna ukungu. Pale akakwama. Miguu ilikuwa inatembea lakini mtu haendi.

"Ndiyo mwisho," Yakobo akasema. "Hawakutengeneza zaidi ya hapa."

Wifi yangu alisimama, akaenda hadi karibu na kioo. "Basi wako huko," akasema. "Nyuma ya huo ukungu."

"Kina nani?"

"Waliobeba."

Yakobo ananiambia walibaki wote wawili wakiutazama ule ukungu, na kwamba kwa muda mfupi aliona kama unasogea. Ni dereva wa bodaboda, anaona mengi. Mimi namwamini nusu.

Jioni hiyo Emerensiana hakurudi Ndandalo moja kwa moja. Alipita nyumbani kwangu, akavua viatu vyenye tope mlangoni, akasema bila hata salamu kamili, "Wifi, ufunguo wa kabati la kaka uko wapi?"

Kabati la Godwin ni la vioo, limejaa vitabu vya historia, kwa kuwa ndiyo aliyoifundisha maisha yake yote. Tangu afariki nililifungua kwa kupangusa vumbi tu. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanieleza habari ya boksi na ukungu, kisha akanikumbusha bibi yao.

Bibi yao alikuwa mke wa babu yao aliyechukuliwa katika vita hivyo vya Mjerumani, akamwacha mkewe na mimba ya Mzee Anyosisye. Emerensiana alimkuta akiwa kikongwe. Kila bibi alipotengeneza ngata ya kwenda mtoni, akiviringa majani makavu ya mgomba awekee kichwani chini ya chungu, alikuwa anatengeneza mbili. Moja ya kwake. Nyingine aliichomeka juu ya mlango kwa ndani, na ilipochakaa aliitupa, akaweka mpya. Mtoto yeyote aliyethubutu kuichukua alichapwa. Emerensiana alichapwa kwa ajili yake.

"Askari havai ngata, wifi," akasema.

Hapa inabidi msomaji aelewe uzito wa neno hilo. Katika ukoo wa Mwaikenda ilijulikana, na Ndandalo yote ilijua, kwamba babu alikuwa askari. Mzee Anyosisye alisema hivyo. Godwin aliwaambia wageni, aliwaambia wanafunzi, na akiwa mchangamfu alisimama katikati ya sebule kuonyesha jinsi babu yake alivyokuwa akipiga saluti. Wasifu wa Godwin niliusoma mwenyewe siku ya mazishi yake, mbele ya mchungaji na wachungaji wenzake, nikasema, "mjukuu wa askari." Nilikuwa nimepewa neno hilo na walionitangulia katika nyumba ile.

Nikamjibu, "Kaka yako alisema askari. Baba yako alisema askari. Unataka ngata ya bibi iwatoe wote hao barabarani?"

"Sitaki imtoe mtu. Nataka kujua kama mvua inamnyeshea."

Nikampa ufunguo.

Tulisoma miezi kadhaa. Vya Kiswahili alisoma mwenyewe, akifuata mstari kwa kidole. Vya Kiingereza nilimsomea, yeye ameegemea ukuta kwenye mkeka, amefumba macho, na mara nyingi nilidhani amelala hadi aliponiambia nirudie. Tulisoma jinsi Mwingereza alivyovuka mto Songwe, na jinsi Mjerumani alivyoondoka huku kwetu akipandia milimani, Ukinga na mbele zaidi, na jinsi pande zote mbili zilivyokusanya watu vijijini kubeba unga, risasi, vipande vya mizinga na vitanda vya wakubwa. Kulikuwa na picha katika kitabu kimoja, mstari mrefu wa watu wenye mizigo vichwani wakipanda kilima hadi wanakuwa nukta. Nikamsomea maneno ya chini ya picha. Yalimtaja Mzungu aliyesimama pembeni kwa jina na cheo, yakamtaja na mbwa wake.

"Mbwa anaitwa nani?"

Nikamtajia.

Akakichukua kitabu, akaenda nacho dirishani penye mwanga, akawatazama wale watu mmoja mmoja kama anayetafuta ndugu yake stendi. Nilipika, nikaosha vyombo, nikarudi, alikuwa bado hapo.

Siku zile alikuwa kama mtu anayetembea na homa ndogo. Aliniambia akianika kokoa, akizigeuza kwa mkono, anasikia nyayo. Si za kutisha, alisema, ni nyayo za watu waliochoka, zinapita nyuma ya nyumba na haziishi. Aliniambia kwamba wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kwa maelfu, wakasimama kama nguzo za moshi, yeye anawaona ni moshi wa kambi, na kwamba kila nguzo ina watu wake wameizunguka, wanachemsha kitu. Nilimsikiliza. Niliwahi kufundisha wasichana wengi werevu, na wachache sana kati yao waliwahi kusoma kitabu namna ile, hadi kikawafuata nje.

Bibi yao alikuwa amesema jambo moja tu kuhusu njia ya babu: alipanda mlima wa Matema, hakushuka. Kwa hiyo Jumamosi moja, siku ya gulio la vyungu, tukaenda Matema. Vyungu vile hufinyangwa na wanawake wa Kikisi, upande wa Ikombe, huletwa kwa mitumbwi na kupangwa mchangani, mashavu yake mekundu yakilitazama ziwa. Milima inasimama nyuma yake moja kwa moja, kama ukuta wa nyumba isiyo na madirisha. Tukaelekezwa kwa mama mmoja mzee kuliko wote pale, Bibi Elizabeth, aliyekuwa amekaa katikati ya vyungu akimsuta mnunuzi.

"Usikigonge chungu changu kama mlango wa polisi," alikuwa akimwambia. "Kiguse. Kama ni kizima kitakuambia."

Tukamwamkia, Emerensiana akachagua chungu, akalipa, ndipo akauliza habari ya watu wa mizigo. Bibi Elizabeth alimtazama kwanza.

"Nani kakutuma?"

"Bibi yangu. Amekufa zamani."

"Ndaga," akashukuru yule mzee kwa lugha yetu, kana kwamba jibu lilikuwa sawasawa. Akatusimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikisi. Mama yake alikuwa msichana wakati ule. Alisema watu walipita siku nzima, kichwa na mzigo, kichwa na mzigo, hadi watoto wakachoka kuwatazama wakarudi kucheza. Aliyeanguka njiani aliwekwa pembeni, akafunikwa kwa mawe.

"Na mzigo wake?" nikauliza.

"Mzigo? Mzigo uliendelea, mama. Alipewa mwingine."

Baadaye, njia ilipokuwa kimya, mama yake na wenzake walipanda na vyungu vilivyotoboka wakati wa kuchoma, vile visivyouzika, wakamfunika kila mmoja upande wa kichwa, juu ya mawe. Emerensiana akamwuliza kwa nini.

"Mvua isimpige usoni," akasema Bibi Elizabeth. "Hawakuwa na mtu huku."

Wifi yangu akageuka akalitazama ziwa. Hakulia. Alikuwa amepata jibu la lile alilotaka kujua jioni ile ya ufunguo, na nadhani hakutegemea lingekuwa jema.

Mkwe wa Bibi Elizabeth, Catheline, alikuwa na shamba la mihogo juu kwenye mteremko, akatupandisha. Sisemi njia. Nasema tu kwamba nilipumzika mara nyingi, na kwamba tulipofika ukungu ulikuwa umeshuka, ziwa halionekani, ni weupe tu chini yetu na weupe juu. Rundo la kwanza lilikuwa karibu na shamba. Mengine yalikuwa mbele zaidi, yamejitenga, kila moja na chungu chake cheusi kwa kuvu. Emerensiana alipita moja baada ya jingine, akiinama kila mahali, akisema "Ugonile," salamu yetu ya asubuhi, kama anayeamsha nyumba ya wageni.

Nikamwuliza, "Yupi wa kwetu?"

"Sijui, wifi."

Alikaa kwenye jiwe. Nilikaa naye. Ndani ya ule weupe sikuona chochote, lakini nilijua anachokitazama: wale watu wa mizigo, wakiendelea kupita.

Tulikubaliana kurudi kuchukua udongo, tuuzike Ndandalo kati ya migomba, mahali pa watu wa nyumba ile. Kosa likafanyika hapo, nalo lilikuwa kosa la mtu mwenye furaha. Emerensiana alisimulia kwenye fremu. Aliwaambia Yakobo na wenzake kwamba ukungu wa gemu una nyuma yake, na kwamba nyuma yake kuna mawe na vyungu vilivyopinduliwa. Yakobo akasimulia kijiweni. Na kijiweni, ukitaja Mjerumani, mawe yaliyopangwa na chungu kilichopinduliwa kwa pumzi moja, hakuna anayesikia kaburi. Wote wanasikia alama. Hapa kwetu watu wazima wenye familia zao wameng'oa miti iliyokaa kwa mstari, wamevunja ngazi za majengo ya zamani, wamechimba chini ya misalaba, kwa imani kwamba Mjerumani aliondoka kwa haraka akaficha mali na kuweka alama ili arudi.

Siku tuliyorudi tulisikia koleo kabla hatujaona mtu. Kwenye rundo la kwanza, lile la karibu na shamba, walikuwepo wanaume watatu. Mawe yametupwa pembeni, chungu kimelazwa kwenye majani, mmoja ana mashine ya kutafutia vyuma shingoni. Aliyekuwa akiongoza ni Eliud, ambaye nilimfundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Alifuta jasho akatabasamu kama tumekutana sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Utafiti, mwalimu. Kama ninyi."

Emerensiana alishapita. Alikiokota kile chungu, akakaa nacho chini ukingoni mwa shimo. "Mfunike babu yangu," akasema.

"Si ndiyo maana tuko hapa, shangazi?" Eliud akaongea kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. "Babu yenu alikuwa askari. Marehemu Mwalimu Godwin alitufundisha darasani kwa kinywa chake, hadi saluti akatupigia. Sasa askari wa Mjerumani, wanakimbia, wanapandisha vitu vyao Ukinga, anafia hapa. Alikuwa analinda nini? Na chungu nani kaweka, kama si alama?"

"Waliweka wanawake," nikasema. "Kwa sababu ya mvua."

Wakacheka, hata yule wa mashine. "Mjerumani na mvua," akasema mmoja.

Kisha Eliud akaacha kucheka. "Mwalimu, wewe hatujawahi kukusikia ukisema uongo. Tuambie tu. Alikuwa askari, au hakuwa? Kama hakuwa, tunashuka sasa hivi."

Emerensiana hakunitazama. Alikuwa anapangusa udongo kwenye chungu kwa ncha ya kitenge. Alijua ninachoulizwa, na alijua kwamba mtu anayeuliza atakuwa kijiweni kabla ya sisi kufika barabarani. Lingekuwa neno langu juu ya neno la mume wangu na baba yake, na lingesemwa na mimi niliyeolewa, si na wao waliozaliwa. Nilimwona Godwin sebuleni, mkono kwenye paji la uso, wageni wanacheka. Nikaona na lile shimo, na ndani yake, kwenye udongo mwekundu, taya ya mtu.

"Hakuwa askari," nikasema. "Alikuwa mpagazi."

"Unasema hivyo ili tuondoke."

"Umeniuliza, nimekujibu. Mpagazi hazikwi na kitu, Eliud. Alichobeba kilikuwa cha mtu mwingine, na siku alipoanguka kiliondoka juu ya kichwa cha mwenzake. Chimba hadi utokee upande wa pili wa mlima. Utakuta mtu tu."

Yule wa mashine alikuwa ameshaiona taya. Akaiweka mashine chini. "Eliud, twende."

Eliud alisimama kidogo akiegemea koleo. "Kumbe," akasema. "Maringo yote yale ya akina Mwaikenda, kumbe babu alikuwa mbeba mizigo."

"Ndiyo. Sasa mfunike."

Alimfunika. Nilisimama pale hadi jiwe la mwisho, na lililokaa vibaya nilimwambia alirudie, naye alilirudia. Emerensiana akaweka chungu mahali pake. Wale watu wakashuka, na tukasikia sauti zao zikipungua, na mmoja wao akianza kucheka tena walipokuwa mbali.

Sisi tukaendelea mbele, kwa yale marundo ambayo hawakuyafikia. Wifi yangu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliondoa vyungu. Akaanza kutawanya mawe, moja huku, moja kule, hadi pakawa mteremko kama mteremko mwingine wowote. Alikuwa amewatafuta kwa miezi, na sasa anawapoteza kwa mikono yake. Nikamwuliza kama ana uhakika.

"Wakibaki na alama watachimbwa," akasema. "Wakikosa, watanyeshewa tu. Mvua wataizoea."

Kila mahali alichukua kiganja cha udongo akatia mfukoni, ule mfuko unaosemwa, na kila mara akasema, "Na huyu ni babu."

"Hujui, wifi."

"Na wao hawajui. Watapatana njiani."

Tuliuzika udongo ule Ndandalo kati ya migomba, mchungaji akaomba, ndizi na nyama zikapikwa, na ndugu wawili wa ukoo wakakataa kuja. Mmoja alinitumia ujumbe kwamba nimemvua Godwin nguo akiwa kaburini. Juu ya saruji fundi aliandika maneno aliyochagua Emerensiana: WATU WA MIZIGO. Nilimwuliza kama anataka na jina la ukoo. Akafikiri, akasema hapana, nafasi itakuwa ndogo kwa wengine. Mimi ndiye niliyesema jina la ukoo liandikwe, chini, ili anayepita ajue ni nyumba ipi iliyowapokea. Likaandikwa.

Wifi yangu bado yuko kwenye fremu yake, na ungo wake. Ile gemu bado inachezwa. Yakobo anasema hawezi tena kulifikia lile boksi bila kugeuka nyuma kutazama. Wapo vijana walioanza kuuliza makwao, na wanarudi na vipande: huyu babu yake mkubwa alikimbilia ng'ambo ya Songwe asikamatwe, huyu wa kwao alirudi bila vidole vya mguu na hakusema lolote hadi kufa. Wanakuja kuazima vitabu vya Godwin. Wengine wanavirudisha. Emerensiana huwasikiliza wote kwa namna yake, mkono umesimama katikati ya karanga, na mtu akimwuliza anafikiria nini, anachelewa kujibu, kama aliyeitwa kutoka mbali.

Eliud alisema kweli kijiweni kwamba kwenye rundo lile hakuna kitu, na kwa hilo namshukuru. Lakini kijiwe hakikubali shimo tupu. Kikaamua kwamba kitu kilikuwa kwenye yale marundo ya juu, nasi ndio tuliokitoa. Sasa wanakuja kwangu watu wa kila namna. Wapo wanaojifanya kupenda historia, na wapo wanaoipenda kweli. Alikuja ofisa mmoja kijana, mgeni wa mkoa huu, mwenye adabu, akaomba aonyeshwe mahali hapo papigwe picha na kuwekwa kibao. Nilimpa chai na kitabu. Mwanangu mwenyewe, Brighton, ameniuliza.

Yale ya juu yako wapi, sisemi. Yalikuwa mangapi, sisemi. Catheline hasemi, Emerensiana hasemi. Nimeeleza yale yaliyohusu jina la nyumba hii, na zaidi ya hapo hamtapata neno kutoka kwangu.